Kiwanda cha vitabu cha kanisa kikianza kuishiwa unajuaje? Tumelipia vitabu tangu Agosti

MamaMezaYaVitabu (Moshi)

Habari za humu jamani, na wakubwa shikamooni. Mi nasimamia meza ya vitabu usharikani kwetu, huu mwaka wa saba, ile meza ya pale mlangoni ukitoka ibadani unakuta vitabu vya nyimbo, kalenda, vitabu vya kipaimara na jarida. Vyote tunachukua kwenye kiwanda kimoja cha kanisa huku huku Kaskazini, jina silitaji maana sitaki kuharibia watu kazi na mdogo wangu mwenyewe yuko pale kitengo cha kukunja na kubandika.

Sasa shida yangu. Mwaka jana Agosti tuliagiza vitabu vya nyimbo 80, hela zilikuwa za akina mama wa umoja, walichanga mia tano mia tano na elfu elfu kila Jumapili mpaka zikatimia, wengine ni wajane wanauza ndizi pale Mbuyuni. Nikapeleka hela yote cash nikapewa risiti. Novemba wakaleta 25. Zilizobaki kila nikipiga simu naambiwa karatasi haijafika, mara mashine iko kwa fundi, mara njoo wiki ijayo mama. Nimeenda wiki ijayo hiyo mara nne.

Na hivyo 25 vyenyewe vilivyokuja, nikashika kimoja nikakielekeza dirishani, ubeti wa ukurasa wa nyuma unaonekana mbele kabisa kama kivuli, mzee mwenye macho mabovu atasomaje pale? Alafu zamani vilishonwa na uzi, marehemu bibi yangu alikuwa na chake kimechakaa jalada lote lakini hakuna karatasi hata moja iliyotoka. Hivi vya sasa ni gundi, mwalimu wa kwaya kafungua mara ya pili tu kikaachia katikati, kundi zima la karatasi likadondoka sakafuni na ibada inaendelea. Nilitamani kulia.

Mengine ninayoyaona: jarida lilikuwa la kila mwezi, likawa la miezi miwili, sasa hivi linaandikwa toleo la pamoja na limetoka kurasa 32 mpaka 16. Kalenda ya mwaka huu imefika Jumapili ya pili ya Februari. Sehemu ya mbele ya uwanja wamezungushia mabati, wanasema kuna mtu kakodisha anajenga fremu. Duka lao la vitabu limegawanywa nusu ni hardware. Na mdogo wangu anasema mshahara unakuja vipande viwili, nusu tarehe 5 nusu ikipatikana, na chai ya saa nne imefutwa.

Nauliza kwa moyo kabisa, kati ya hizi ni zipi dalili za kweli kwamba kinakufa na zipi ni mambo ya nyakati tu? Maana nina hela ya watoto 46 wa kipaimara mkononi hapa, wazazi wananiuliza vitabu, sijui nipeleke au nisipeleke.

---

FundiWaMajengo

Dada pole sana. Mi nimestaafu lakini kazi ya uchapaji nimeifanya miaka 24, nilianza enzi za kupanga herufi za risasi kwa mkono moja moja, nikamalizia kwenye offset, mashine za kisasa zinazochapa kwa pleti. Ngoja nikwambie ninavyosoma hizo dalili mimi kama mtu wa mashine.

Karatasi kuonyesha upande wa pili maana yake wameshuka gramu, yaani uzito wa karatasi, kitabu cha nyimbo walikuwa wanakichapa kwenye gramu 70 hivi sasa wameweka nyepesi zaidi. Hiyo ni kubana matumizi, inaumiza lakini haiui kiwanda. Uzi kwenda gundi hivyo hivyo, mashine ya kushonea ni ya zamani, sindano zake zinasumbua kupatikana na vijana wanaoijua wameisha, viwanda vingi vimehamia gundi hata vyenye hela. Kosa hapo ni gundi ya bei rahisi na mgongo haukukwaruzwa vizuri kabla ya kupaka, kwa hiyo haikushika. Mdogo wako muulize, atakuambia ukweli.

Kilichonishtua mimi kwenye maelezo yako ni kalenda. Watu hawajui kalenda ndio nini kwenye kiwanda cha kanisa. Kalenda na shajara ndio mavuno. Sisi tulikuwa tunafunga mashine zote nyingine Septemba, tunachapa kalenda mchana na usiku ili mwisho wa Oktoba ziwe zimeshapakiwa, maana sharika zinauza Novemba na Desemba, ikifika Januari mtu keshatundika ya duka la vinywaji au ya benki aliyopewa bure. Ile hela ya kalenda ndo ilikuwa inalipa mishahara mpaka Pasaka. Kalenda ikifika Februari dada, mwaka mzima umeshapotea kabla haujaanza. Na haichelewi kwa uvivu, inachelewa kwa sababu Septemba hawakuwa na hela ya karatasi. Basi.

Kingine muulize mdogo wako wananunua karatasi wapi. Kiwanda chenye afya kinanunua kwa tani, inakuja na lori. Ukiona mtu wa stoo anatumwa stationery ya mjini na bodaboda kuchukua rimu tano tano ujue wanachapa kwa hasara, na wanajua. Pleti, ile sahani ya kuchapia, na kuiseti mashine gharama yake ni ile ile ukichapa vitabu 300 au 3,000, sasa wakichapa 25 zenu leo na 30 za usharika mwingine wiki ijayo kila kitabu kinawagharimu zaidi ya bei waliyokuuzia. Na uangalie kama kuna mashine inafunguliwa vipuri kulisha nyingine. Niliyaona hayo mwaka wangu wa mwisho kazini. Mashine tuliyoipenda sana, tulikuwa tunaifuta mafuta kila Ijumaa, ikawa inachomolewa rola moja, kesho gia, mpaka ikabaki kiunzi kimefunikwa nailoni pale kona.

---

MtumishiKijana

Bwana asifiwe. Mama nakuheshimu lakini nina mashaka na kuanika haya hapa. Kiwanda cha kanisa ni mali ya washarika, tukianza kusema kinakufa wateja wote watakimbia na kitakufa kweli. Karatasi ya vitabu inatoka nje na inalipwa kwa dola, mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa 2,300 na kitu, katikati ya 2024 ilishapita 2,600, na kuna kipindi hata ukiwa na shilingi zako dola yenyewe benki huipati. Ruzuku za wamisheni nazo sio kama zamani. Nafikiri tuvumilie na tuombe.

---

MamaMezaYaVitabu

Asante mtumishi, kuomba naendelea kuomba. Ila jina sijataja na sitataja. Na wale mama wa Mbuyuni wameshavumilia tangu Agosti.

---

HesabuSakina (Arusha)

Nimesoma yote. Mi ni mhasibu, nimewahi kukagua hesabu za taasisi za dini kadhaa huku Arusha, nimeona zilizopona na zilizokufa. Namuunga mkono Fundi, na nina jambo moja ambalo ndilo kubwa kuliko yote uliyoyataja.

Jarida kupungua kurasa sio dalili ya kufa. Kuuza au kukodisha kiwanja nako peke yake sio, taasisi nyingi zina ardhi nzuri mjini walizopewa enzi za wamisheni na imekaa bure, kuipangisha ni akili. Hata huko Marekani LifeWay, ile taasisi ya vitabu ya Wabaptisti wa Kusini iliyoanza 1891, mwaka 2019 walitangaza kufunga maduka yao yote 170, na bado wapo wanachapa masomo ya Sunday school na kuuza kwa mtandao. Maduka yalikuwa yanawala, wakayaacha.

Dalili yenyewe dada ni hizo vitabu 55 ambavyo hujapewa. Fikiria hivi. Hela uliyopeleka Agosti haikuwa ya kiwanda. Ilikuwa ya akina mama, kiwanda kimeishika tu mpaka kikabidhi kitabu, kwenye vitabu vya hesabu inaandikwa upande wa madeni, sio mapato. Kiwanda chenye afya kinachukua hiyo hela kinanunua karatasi ya oda yako. Kiwanda kilichoishiwa kinachukua oda yako kulipa mshahara wa Agosti, alafu kinasubiri oda ya usharika mwingine Oktoba ndo kinunue karatasi yako kidogo, ndo ukaletewa 25 Novemba. Sasa hivi kinasubiri hela ya watoto wako 46 ili kikamilishie vitabu vya mtu mwingine. Ni kama mkulima aliyekula mbegu, shamba lipo, jembe lipo, mvua ikinyesha hana cha kupanda.

Na sio lazima kuwe na mwizi, naomba hili lieleweke. Nimeshakaa na mameneja wa taasisi za hivi, watu waadilifu kabisa, wanalala na mawazo, wanaona wafanyakazi 30 na familia zao wanachukua kile kilicho karibu. Ila hesabu haijali nia yako. Kila mwezi tundu linakua.

Ukitaka kujua kwa uhakika ulizia vitu vichache kupitia mtunza hazina wa usharika au mjumbe wenu wa mkutano mkuu. Hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi wa nje za mwisho ni za mwaka gani? Kama ni za miaka mitatu nyuma, hilo ni jibu tayari. Ndani yake angalia mstari wa malipo ya awali ya wateja, linganisha na fedha iliyopo benki. Kama wateja wameshalipa milioni 90, namaanisha kwa mfano tu, na benki kuna milioni 4, basi umeshajua vitabu vyako viko wapi. Alafu uliza madeni ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na kodi ya mishahara. Hayo mawili ndo huwa yanasimamishwa kwanza kwa sababu hayapigi kelele, mwenye karatasi atakuja na lori lake getini lakini NSSF haiji kesho asubuhi.

---

NgarenaroBoy

Naongezea kwenye hilo la kurasa. Mi nimelelewa kwa Mashahidi wa Yehova, sijabatizwa ila mama yangu bado ni shahidi na nyumbani magazeti yalikuwa yamejaa kabatini. Gazeti lao la Mnara wa Mlinzi lilianza Julai 1879 na nakala 6,000, likaja kuwa kati ya magazeti yanayochapwa kwa wingi kuliko yote duniani. Sasa angalia lilivyokwenda, toleo la watu wote kutoka kurasa 32 likawa 16 mwaka 2013, 2016 likawa la kila miezi miwili, 2018 likawa mara tatu kwa mwaka, na tangu 2022 ni toleo moja tu kwa mwaka, gazeti lao lingine la Amkeni! nalo hivyo hivyo. Na wakauza majengo yao Brooklyn, makao makuu yenyewe yalienda kwa dola milioni 340 mwaka 2016 wakahamia Warwick huko nje ya jiji. Watu walisema sana kwamba wameishiwa, wengine wanasema mpaka leo.

Mi ninavyoona, magazeti yale hawauzi kwa bei, Marekani waliacha kuweka bei 1990, kwa hiyo kila nakala kwao ni gharama sio mapato, na wakati wanapunguza karatasi tovuti yao ilikuwa inakua mpaka ikapita lugha 1,000. Mama yangu ana miaka 68 na anasoma kwenye tablet. Kwa hiyo kurasa kupungua unaweza ukalisoma pande mbili. Kiwanda chenu ni tofauti, kinauza, kinakula kutokana na kile kinachouzwa. Kwao jarida kupungua ni gharama kupungua, kwenu ni mapato kupungua. Ndo maana sikubaliani sana na Hesabu kwamba sio dalili.

---

HesabuSakina (Arusha)

Hoja nzuri, napokea. Ila majarida mengi ya kanisa yanauzwa chini ya gharama, kwa hiyo kabla ya kulia jarida muulize kama lilikuwa linaingiza au linatoa.

---

MwinjilistiWaVitabu (Usa River)

Amani kwenu. Mi ni Msabato, nimetembeza vitabu mlango kwa mlango Arumeru mpaka Hai miaka 15, begani begi, jua la Kikwe nalijua. Nilitaka nimpe dada picha ya upande wetu. Review and Herald, nyumba ya vitabu ya kanisa letu huko Marekani ambayo mizizi yake ni ya 1849, mwaka 2014 iliamuliwa kiwanda chake cha Hagerstown kifungwe na kazi ziende Pacific Press kule Idaho. Miaka zaidi ya 160. Kwa hiyo umri wa kiwanda na heshima yake havikilindi, na kufunga mapema kiwanda kimoja ukabaki na kingine kinachofanya kazi ni bora kuliko vyote viwili kufa taratibu.

Shida nyingine huku kwetu ni simu. Naingia nyumba za watu pale Tengeru, nafungua kitabu, kijana ananiambia mzee hicho ninacho kwenye WhatsApp, amerushiwa pdf na mtu wa kwaya. Kitabu cha nyimbo ndo usiseme, mtu anasimama kanisani na simu. Na stationery zinatoa kopi ya kitabu kizima cha kipaimara, mzazi anaona ameokoa elfu mbili. Kila kopi ni kitabu kimoja ambacho kiwanda chenu hakikuuza. Mama mezani kwako watu wangapi wanaimba na simu Jumapili? Hesabu siku moja uone.

---

MamaMezaYaVitabu

Nimehesabu leo kweli. Benchi sita za mbele upande wa vijana, wenye vitabu wanne. Wenye simu sikumaliza kuhesabu.

---

KiboriloniMwanasheria

Mi naongelea mdogo wako maana naona mmemsahau. Kesho aende ofisi ya NSSF aombe taarifa ya michango yake mwezi kwa mwezi, asisubiri. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara na yeye hatakiwi kukatwa zaidi ya 10, kama salary slip inaonyesha anakatwa na kule haionekani, hela yake imeliwa na ni kosa la mwajiri kisheria. Atunze slip zote, hata zile zilizoandikwa kwa mkono.

Pili, ikifika kupunguzwa kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe notisi na akae na wafanyakazi wajadili sababu na nani anaondoka, haiwezekani mtu aambiwe Ijumaa usije Jumatatu. Kiinua mgongo kwa sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Na akiachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, madai mengine kama mshahara ni siku 60. Watu wengi wa taasisi za dini wanapoteza haki hapo, wanaona aibu kulishtaki kanisa, wanakaa miezi mitano wanaombewa, wakija kwangu muda umeisha. Kwenda CMA sio kulikana kanisa jamani.

---

MtumishiKijana

Nimefuatilia. Nirudi kusema nilikosea kidogo pale juu. Leo nimeuliza usharikani kwangu, na sisi tuna oda ya vitabu vya kipaimara tangu Septemba hatujapewa na hakuna aliyekuwa anafuatilia, mtunza hazina alijua mimi najua na mimi nilijua yeye anajua. Mama nakuomba radhi. Naomba tuwasiliane, tupeleke hili kwa mkuu wa jimbo pamoja, sharika mbili ni bora kuliko moja.

---

MamaMezaYaVitabu

Jamani asanteni, nawapa mrejesho. Mtumishi hakuna la radhi, tumeshaongea.

Nimeenda kiwandani Jumanne na risiti yangu na barua ya usharika yenye muhuri. Nikamwomba meneja nikae naye, akakubali, na nilivyomweleza taratibu bila kugomba akanyamaza kwa muda alafu akafunga mlango. Akaniambia mama ni kweli, hela yenu ilienda kwenye mishahara. Alisema hivyo hivyo. Ni mtu mzima mwenye mvi, nilimhurumia, ila nikamwambia na hao akina mama nao uwahurumie. Tumeandikiana karatasi, ataleta 55 kwa mafungu mawili, na mashahidi tumeweka wawili.

Ya watoto 46 nimemwambia wazi silipi kabla, nitalipa vitabu vikiwa mezani, kimoja kimoja nikikifungua. Akasema basi ninunue karatasi mimi niipeleke wao wachape, kumbe inafanyika. Fundi nakuomba uniambie gramu ngapi na rimu ngapi kwa vitabu 46 vya kurasa 96, nitanunua kwa hela ya watoto na risiti itabaki na jina la usharika.

Mdogo wangu kaenda NSSF, michango inaonekana mpaka Machi mwaka jana, baada ya hapo hakuna kitu, na slip zinaonyesha kila mwezi anakatwa. Amerudi nyumbani hakula. Wenzake tisa wamekubali kwenda nao wiki ijayo kuangalia za kwao, Kiboriloni nitakutafuta.

---

FundiWaMajengo

Kurasa 96 zikipangwa kwa A5 ni karatasi 24 za A4 kwa kitabu, mara 46 ni karatasi 1,104, rimu moja ni 500, kwa hiyo rimu tatu za gramu 70 au 80 zinatosha na utabaki na za kuharibika. Jalada ni kadi ngumu, chukua 55. Kwa idadi hiyo wasikupigie pleti, watumie mashine ndogo. Na mwambie mdogo wako akushonee na uzi kwa mkono, vitabu 46 ni kazi ya jioni mbili, asipokumbuka mshono aje kwangu Majengo nimwonyeshe, sindano na nta ninazo bado.

---

MamaMezaYaVitabu

Anakuja Jumamosi baada ya saa nane.